Ndege wa Fedha Begani mwa Salvius

Nilikuwa naanika nguo za sanduku juani mjukuu wangu Gisla alipoingia uani, akainama, akaokota kiatu.

"Bibi, hiki cha nani?"

"Changu."

"Kimetafunwa."

"Na nguruwe."

Akanitazama kama mtu anayepima iwapo uzee umeshafika kichwani. Nikacheka. Gisla anaolewa wiki ijayo, na harusi ni kwenye nyumba kubwa ya marehemu baba yangu, ng'ambo ya mto Mosela, ambako mtoto wa kaka yangu ndiye mwenyeji sasa. Ukoo wote utakuwepo. Mimi nilikuwa nimeshamwambia: nitakuja, nitacheza, nitaimba mpaka sauti ikauke, lakini nitakaa uani. Ndani siingii. Alikuwa amekuja kunibembeleza kwa mara ya tatu, nilijua, ila alijifanya amekuja kusaidia kuanika.

"Kitendawili," nikamwambia.

"Tega."

"Ndege wangu wawili, hawali, hawalii, hawaruki. Lakini wakilegeza makucha, nimebaki uchi sokoni."

"Mabizimu ya kubania nguo shingoni, Bibi! Hicho ulinitegea nikiwa na meno ya utoto." Akakaa chini kando yangu, kiatu mapajani. "Lakini wewe una ndege mmoja tu. Nilidhani ni mtindo. Siku hizi wanawake wote wa Metz wanavaa bizimu moja katikati ya kifua, wanasema wameiga wakuu wa ng'ambo ya bahari."

"Waigaji hao. Mimi nilianza kabla yao, na sikumwiga mtu."

"Basi wa pili yuko wapi?"

Mkono wangu ukapanda wenyewe shingoni, kama unavyopanda kila siku, ukamgusa huyu aliyebaki. Ndege wa fedha, mdogo kuliko kidole gumba, mdomo wa kupinda, jicho la jiwe jekundu. Jua lilikuwa zuri. Upepo ulileta harufu ya zabibu zinazokanyagwa upande wa pili wa mto. Harufu ile hunifanya hivi kila mwaka, siwezi kuikatalia.

Basi nikamweleza.

*

Nilikuwa na miaka kumi na saba, nywele zangu zikiwa wazi mpaka kiunoni kama ilivyo kwa msichana wa Kifaranki asiyeolewa. Kila asubuhi ya jua nilishuka mtoni kuosha sufu. Pale mtoni palikuwa na ua wa fito, na nyuma ya ua palikuwa na mizabibu ya Bi Severa, mjane wa Wagali, wale waliokuwa hapa kabla ya sisi Wafaranki, wa ukoo wa zamani, mwenye nyumba ya mawe inayovuja na sakafu ya picha iliyokatika katikati, na kiburi kisichovuja hata kidogo.

Mwanawe alikuwa Salvius.

Siku ya kwanza alikuwa anapogoa mzabibu. Akaniona, kisu kikasimama hewani. Mimi nikainamisha uso kwenye kikapu. Nilipouinua tena, kisu kilikuwa bado kiko hewani.

"Kitendawili," akasema kwa Kifaranki kilichovunjika kama ile sakafu yao.

Nilishangaa. Wagali hawakuwa na mazoea ya kutusemesha. "Tega."

"Nikikanyagwa natoka damu, nikinywewa nawachekesha wazee."

"Zabibu! Unasimama katikati ya mizabibu unanitegea zabibu? Hata nguruwe wa baba angejibu."

Akawa mwekundu mpaka masikioni. "Basi nitegee wewe."

"Nilizaliwa mgongoni mwa mmoja, nitazeekea mgongoni mwa mwingine."

Akafikiri. Akafikiri mpaka sufu yangu ikaisha, nikaondoka. Siku ya pili hakuwa na jibu. Siku ya tatu nilimkuta amesimama pale kwenye ua wa fito kabla yangu, amechoka kama mtu aliyelima.

"Sufu," akasema.

"Imekuchukua siku tatu, nami nilikuwa nimeishika mkononi!"

"Sikuwa natazama mkono."

Gisla, mimi nilipanda kilima cha kwenda kwetu na kikapu tupu. Sufu niliisahau mtoni.

Tulionana hivyo majira yote ya joto, yeye upande wake wa ua, mimi upande wangu. Hakunigusa. Kwetu mwanamume akimshika mwanamke huru hata kidole pasipo ruhusa ya watu wake, anapelekwa barazani, nawe unajua. Basi tulishikana kwa macho. Alikuwa na macho ya rangi ya asali ya msituni, na akicheka jicho la kushoto lilitangulia kufumba. Hadi leo nikiona mtu anacheka namtazama jicho la kushoto.

Zabibu zilipoiva akaja kwa baba.

*

Baba yangu, Hadulf, unamjua kwa habari tu. Mtu mpana, nywele ndefu amezisuka na kuzipaka siagi, kidevu amekinyoa, masharubu ameyaacha yaning'inie kama mikia ya panya wawili. Alikuwa amekaa mbele ya mlango anakata nyama ya nguruwe ya kukausha kwa moshi. Kando yake alikaa baba mdogo Waldo, ambaye aliacha mguu wa kushoto vitani kwa Wasaksoni na hakuacha utani.

Salvius akaja na kanzu ndefu mpaka kwenye vifundo vya miguu, joho la baba yake limebanwa bega la kulia kwa bizimu la dhahabu. Alipendeza. Kwa macho ya Wagali alipendeza; baba alimtazama kama anayetazama mwanamke aliyepotea njia.

"Amani nyumbani humu," akasema, akafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na pete, na kiatu. Kiatu laini cha ngozi nyekundu, kimedariziwa maua. Kimoja.

"Hiki nini?" baba akauliza.

"Kiatu, mzee. Cha Bertoara."

"Macho ninayo. Cha pili kiko wapi?"

"Kwetu mchumba huleta kiatu kimoja. Cha pili huletwa siku ya harusi, ili..."

"Ili binti yangu arukeruke kwa mguu mmoja mpaka siku hiyo?"

Watu wa nyumbani wakaanza kucheka, halafu kicheko kikakatika ghafla. Wote walikuwa wamemkumbuka Waldo. Kuleta kiatu kimoja kwenye nyumba yenye mtu wa mguu mmoja! Salvius naye akamwona, akaona gongo lake, rangi ikamtoka usoni.

Waldo akanyoosha mkono. "Lete nikijaribu. Huenda nimepata mchumba."

Lakini baba hakucheka. Alikichukua kile kiatu akakirusha zizini, nguruwe wakakigombania.

"Nisikilize, kijana," akasema. "Sina ugomvi na mizabibu yenu, mvinyo naunywa. Ila binti yangu simpi mtu aliyevaa gauni. Rudi siku ya Mtakatifu Martino, baridi ikianza, ukoo wote ukiwa hapa. Uje umevaa kama mwanamume: suruali, mkanda, kisu, miguu imefungwa mikanda. Uvuke ua wangu kutoka langoni mpaka hapa nilipokaa. Ukifika, tutaongea. Usipofika, usimtazame tena mtoni. Najua mnatazamana. Sufu yangu imerudi chafu tangu majira ya joto."

Salvius akainamisha kichwa, akaenda. Mimi nikaingia zizini na fimbo, nikapigana na nguruwe jike mmoja mbaya. Kiatu nilikipata. Ndicho hicho.

*

Kesho yake, pale kwenye ua wa mtoni, Salvius alikuwa anapogoa mzabibu uleule.

"Utakufa huo," nikamwambia.

"Najua. Tangu uanze kuja nimeupogoa mara saba. Haukuhitaji hata mara moja."

Mto ulikuwa umeanza kuwa wa kijivu.

"Mama yako amesemaje?"

"Amesema watu wanaopaka siagi kichwani na kula nguruwe mbichi hawawezi kumvisha mwanawe." Akajaribu kucheka. "Amesema nikivua kanzu ya baba nikavaa suruali, bizimu la dhahabu nimwachie, na mlango niufunge taratibu nikitoka. Halafu akasema hata wewe ukija kwake, uje na ushungi, na hao ndege wawili uwaache kwa watu wako."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi? Nimejaribu suruali ya mhunzi. Inawasha."

Nikacheka hadi machozi yakatoka, kisha machozi yakaendelea kutoka na kicheko kimekwisha. Akaweka mkono juu ya ufito wa ua. Nami nikaweka wangu, mbali na wake kwa upana wa kiganja. Tulikaa hivyo.

"Bertoara. Ile mikanda ya miguu, hufungwaje? Nimeitazama kwa mbali tu. Inaanzia wapi?"

Hapo ndipo nilipokosea, mjukuu wangu. Nilipaswa kusema. Lakini unajua kwetu: mikanda ile mwanamume akiwa mdogo hufungwa na mamaye, akikua hujifunga mwenyewe, na akioa, asubuhi ya kwanza na kila asubuhi ya safari hufungwa na mkewe. Msichana kumweleza mwanamume jinsi ya kufunga muundi wake! Nilisikia moto shingoni. Nikasema, "Utajua mwenyewe," nikabeba kikapu nikakimbia.

Neno dogo la aibu. Nusura linigharimu maisha yangu.

*

Siku ya Mtakatifu Martino ilikuja na sakitu, nyasi zikiwa nyeupe zinavunjika chini ya nyayo. Nguruwe walikuwa wameshachinjwa, bia ya shayiri inapita, ukoo umejaa kuzunguka ua. Mimi nilikaa kando ya mama yangu, Ingitruda, nimevaa nguo yangu nzuri na ndege wote wawili shingoni. Walikuwa wa mama yake mama. Alinivisha mwenyewe asubuhi ile, akawageuza watazamane. "Hawa hawajawahi kulala masanduku tofauti," aliniambia. "Mwanamke wa kwetu huolewa nao wawili, huzikwa nao wawili."

Jua lilipopanda juu ya mapaa, Salvius akatokea langoni.

Kicheko kikaanza nyuma na kuja mbele kama mvua. Suruali ya mhunzi ilimtosha yeye na rafiki mwingine. Mkanda ameuzungusha mara mbili. Kisu kimekaa upande wa mkono anaokitolea, amekifunga kinyume. Na joho, kwa kuwa bizimu la baba yake lilibaki kwa Bi Severa, alikuwa amelibana begani kwa mwiba.

Nikatazama miguu. Alikuwa ameanza kufunga juu gotini na kushuka chini, kama mtu anavyofunga mzabibu kwenye mti wake. Sisi huanza kwenye kifundo tukapanda, ndiyo maana haishuki. Yake, kila hatua ililegea pete moja.

Hatua ya kumi mkanda wa kushoto ukawa unaburuzika. Hatua ya ishirini mbwa akaudaka, akaanza kuuvuta akidhani ni mchezo. Wa kulia nao ukashuka wote ukalala juu ya kiatu. Suruali ikafunguka kama magunia mawili. Salvius akasimama katikati ya ua kabisa, mbele yake baba, nyuma yake lango, watu wanajipiga mapaja.

"Kijana!" Waldo akapaza sauti. "Hata mimi wa mguu mmoja ningekuwa nimeshafika na kurudi!"

Salvius akageuka kwake. "Baba mdogo, nisamehe kwa kile kiatu. Lakini wewe mwenzangu una mguu mmoja tu wa kufunga."

Ua ukalipuka. Waldo mwenyewe alicheka mpaka gongo likaanguka. Nikaona masharubu ya baba yakitikisika kidogo, kisha yakatulia.

"Umesimama," baba akasema.

"Nimesimama, mzee."

"Njoo basi. Hatua zimebaki chache."

"Naweza kuja nimeikunja mikononi. Lakini ulisema miguu imefungwa. Sitaki kufika kwako kwa uongo, kisha niishi na binti yako kwa uongo." Akampokonya mbwa ule mkanda, akainama, akaanza upya. Vidole vilikuwa vya bluu kwa baridi. Akaanzia juu tena. Ukaanguka tena. Akaanza tena.

Watu hawakucheka tena. Ilikuwa inauma kutazama.

Nikasimama. Mama akanidaka mkono wa nguo.

"Kaa chini, Bertoara."

"Mama."

"Ukigusa mikanda ile mbele ya watu umejiozesha mwenyewe. Hakuna atakayekufungua. Wala siyo mimi."

"Najua, Mama."

"Baba yako atakufa kwa hasira."

"Baba ni mgumu kufa. Waulize Wasaksoni."

Mama akanitazama. Macho yake yalikuwa na maji, na nyuma ya maji nikaona kitu sijakiona kabla, kama msichana mwingine aliyekaa ndani yake siku nyingi. Akaniachia nguo.

Nilivuka ua ule. Mpaka leo nasikia sakitu ikivunjika chini ya miguu yangu. Nikapiga magoti mbele ya Salvius, nikachukua mkanda mkononi mwake. Hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kumgusa, Gisla. Wengine huanza na kidole, na shavu. Mimi nilianza na muundi.

"Inaanzia chini," nikanong'ona.

"Ungeniambia."

"Niliona aibu."

"Na sasa?"

"Sasa nimezidiwa na aibu, haina pa kukaa." Nikavuta mkanda, nikapanda nao, pete juu ya pete. "Tuliza mguu. Unatetemeka."

"Ni baridi."

"Mwongo. Ulisema hutaki uongo."

"Basi si baridi."

Nikafunga fundo la kwanza, la pili, mguu wa pili. Niliposimama uso wake ulikuwa karibu, pumzi zetu zilichanganyika zikawa wingu moja jeupe. Ule mwiba begani ulikuwa umemchoma, palikuwa na tone la damu kwenye joho.

"Huendi kwa baba na mwiba begani," nikasema. Sikupanga, naapa. Mkono ulikwenda shingoni, ukamfungua ndege mmoja. Nguo yangu ikalegea upande huo, baridi ikaingia. Nikaung'oa mwiba, nikautupa mbali, nikambana joho kwa ndege, bega la kulia, kama wavaavyo wanaume wao.

Nikamsikia mama akipiga ukelele mdogo nyuma yangu, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto.

Tukatembea pamoja hatua zilizobaki. Mikanda haikulegea.

Baba hakusimama. Alituacha tumesimama pale mbele yake muda ambao mtu angekunywa bakuli zima la bia. Halafu akainama, mzee yule mpana, akashika fundo la mguu wa kulia, akalivuta. Akalivuta kwa nguvu.

"Nani kakufundisha hili?" akaniuliza.

"Mama."

"Hili ni fundo la bibi yako. Lilinitoa vitani mara mbili miguu ikiwa mizima." Akamtazama Salvius kuanzia chini kupanda juu, kama ifungwavyo mikanda, hadi macho yakafika begani. Pale yakakaa. "Huyo ndege unajua ni wa nani?"

"Najua, mzee. Kama hutaki, namvua sasa hivi."

"Thubutu!" Sauti yake ilinitikisa. Kisha akashusha. "Wale wawili hawajawahi kutengana tangu mhunzi awatoe motoni. Leo binti yangu kawatenga, na mimi siwezi kuwarudisha. Basi sikieni wote. Mlangoni pangu haiingii nusu. Mkija kwangu, mje ndege wote wawili. Mmoja akija peke yake, atalala nje na nguruwe. Mmesikia?"

"Tumesikia," tukasema.

"Nimekupa, basi. Kanywe bia. Na hiyo suruali mrudishie mwenyewe, haifai hata kwa kinyago."

Siku ya harusi yangu nilivaa viatu viwili vyekundu, kimoja kizima, kimoja kimetafunwa. Bi Severa hakuja. Alikuja mwaka wa pili, baada ya kusikia mjomba wako, mtoto wetu wa kwanza, ana pua ya babu zake. Akamshika mtoto, akanitazama shingoni, akaona ndege mmoja tu. "Afadhali nusu," akasema. Kwa yeye ilikuwa busu.

*

Nguo zilikuwa zimeshakauka, hakuna aliyezigusa.

"Mkawa mnakwenda kwa babu wawili wawili?"

"Daima. Miaka yote. Isipokuwa mara moja tu. Siku niliyokuwa na uchungu wa mama yako, theluji imejaa, baba naye mgonjwa kitandani. Tulikuwa tumeshahamia upande huu; Salvius akavuka mto peke yake kumpelekea habari. Akafika mlangoni akasimama, hakuingia. Baba akamwona kutoka kitandani. 'Mwenzako yuko wapi?' Akajibu, 'Anajifungua, Baba. Siwezi kuingia, niko nusu.' Baba akacheka mpaka akakohoa. Akamwambia, 'Basi mwenzako hayuko mbali, yuko njiani. Ingia.' Baba alifariki wiki ile. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho ninayoyajua."

"Na yule ndege wa pili?"

"Nilimzika Salvius akiwa naye. Bega la kulia, joho lilelile. Mwaka huu ni wa kumi na moja."

Gisla akakigeuzageuza kiatu, akapitisha kidole kwenye alama za meno.

"Ndiyo maana huingii ile nyumba. Hata kaka yako alipozikwa ulisimama nje kwenye mvua, mama alinihadithia, walidhani mna ugomvi."

"Neno la baba ni neno la baba. Mlangoni pake haiingii nusu. Nitakaa uani, Gisla, nitakuona ukipita. Uani ule naujua. Nitakaa palepale katikati."

Hakubisha. Nilishangaa; yeye ni mbishi kama Waldo. Alisimama, akakung'uta nguo yake, akaenda akasimama kwenye mlango wa nyumba yangu, mikono kiunoni, miguu ameipanua, midomo ameivuta chini mpaka nikaona masharubu ambayo hayapo. Mtoto yule hajawahi kumwona baba yangu hata siku moja.

"Bertoara," akasema kwa sauti nzito. "Mwenzako yuko wapi?"

Nilitaka kumkaripia. Nilitaka kusema mwenzangu kafa, mwacheni. Mdomo ulifunguka. Mkono ulikuwa umeshapanda shingoni, umemshika huyu wangu mwenye jicho jekundu, akiwa na joto la jua.

"Yuko mbele," nikasema. "Ametangulia. Safari hii ni mimi niliye njiani."

Gisla akasogea kando ya mlango. Machozi yalikuwa yanamtiririka, lakini mikono hakuitoa kiunoni.

"Basi hayuko mbali," akasema. "Ingia."

Nikavua yule ndege, nikampa akamsugue kwa majivu na siki mpaka ang'ae, maana mlangoni kwa baba nitaingia naye. Harusi imebaki wiki moja tu, na mimi, cha pili kikiwa kimechakaa zamani, sina kiatu cha kuvaa ila hicho kimoja.